Mnada wa Nesi Letisia

Mke wangu Letisia hawezi kukaa. Sisemi kwa kumsengenya, hata yeye anajua. Ukimwekea chai atakunywa mafunda mawili, atakumbuka jambo, atainuka, na hiyo chai utainywa wewe. Mama yangu alipomwona mara ya kwanza kule kwetu Gitting, aliniita nyuma ya nyumba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nikolausi, huyu binti ana siafu kwenye nguo au vipi?" Nikamwambia, mama, huyo ni nesi, manesi ndivyo walivyo. Mama akasema yeye amewahi kuona manesi waliokaa.

Wakati huo tulikuwa tunaishi kwenye shamba la ngano la serikali, kule uwandani chini ya mlima Hanang. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma karakana. Kombaini ya kuvunia ikivunjika jino, naitwa. Trekta likikatika mkono, naitwa. Letisia alikuwa nesi wa mama na mtoto kwenye zahanati ya shamba, na mtoto wetu Hermani, wa kwanza, tuliyemngoja mpaka ndugu wakaanza kunishauri upuuzi, alikuwa bado ananyonya. Ilikuwa miaka ile ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na mafuta ya taa ndiyo usiseme.

Mafuta ya taa nayataja kwa sababu ndiyo yaliyoanzisha yote. Zahanati ilikuwa na friji dogo linalowaka kwa mafuta hayo, na ndani ya friji kulikuwa na chanjo ya surua. Watoto wa wafanyakazi walikuwa wameshachanjwa. Waliobaki ni wa nje ya uzio, wa Gendabi, watoto wa wafugaji wa Kibarabaig na wa wakulima wenzetu wa Kiiraqw wanaokaa jirani nao. Hao hawakuja. Na surua ilikuwa imeshapiga upande wa pili wa mlima, watu wanazika watoto mpaka wanachoka kulia.

Siku moja meneja wa shamba akamwita Letisia akamwambia bila kuzunguka, "Nesi, mafuta ya hilo friji nayatoa kwenye mgao wa shamba. Watu wako wa nje hawaji. Mavuno yakiisha nalizima, na chanjo zitarudi wilayani."

Letisia alirudi nyumbani siku hiyo kama aliyemwagiwa upupu. Anaingia jikoni, anatoka. Anamnyonyesha mtoto amesimama. Nikamwambia, "Mama Hermani, kaa basi." Akasema, "Nikae vipi? Dawa iko hapa, mtoto yuko pale, katikati kuna ngano tu. Watoto wa Gendabi watakufa kwa sababu ya ngano?" Nikasema labda hawataki. Lo! Nilijuta kufungua mdomo. Alinitazama akasema, "Umewauliza?"

Jumapili baada ya misa akamfunga Hermani mgongoni, akaenda Gendabi kwa miguu kuwauliza. Hakupeleka dawa wala sindano, alipeleka masikio. Alizunguka nyumba kwa nyumba, kwa wakulima na kwa wafugaji, anaamkia wakubwa, anakaa pale anapokalishwa (ndiyo, huko alikaa, kwangu ndiyo hakai), na anauliza swali moja: kwa nini hamji kwangu?

Aliyemjibu vizuri ni mama mmoja mzee wa Kibarabaig, wote wakimwita Mama Gwandu, mwanamke mrefu mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko. Yeye akisema ndiyo, wanawake wa upande ule wote wanasema ndiyo. Mama Gwandu akamwambia, "Wewe nesi unatuchezea. Mke wa mwanangu alikuja, mkasema leo ni mizani, sindano rudi Ijumaa. Ijumaa alikuja, mkasema una mimba, mimba ni Jumatatu. Kila mara mlinzi getini anamuuliza kitambulisho. Tena mnafungua asubuhi tukiwa tunakamua. Nikikuambia uje kwangu kunywa maziwa, leo nikupe kibuyu, keshokutwa nikupe maziwa, utakuja?"

Letisia alirudi jioni anacheka peke yake njiani. Alinikuta karakana, akaniambia, "Mwenye kosa ni sisi. Zahanati tumeitengeneza kwa raha yetu sisi tuliomo ndani." Akaanza kunieleza mpango wake pale pale, mimi nimeshika moto wa kuchomelea, yeye anatembea kushoto na kulia mpaka nikamwambia asogee asije akaungua.

Mpango wenyewe aliuchukua mnadani. Akasema, angalia mnada wa Katesh. Mtu anatoka mbali, anakuja siku moja, anauza mbuzi, ananunua shuka, anakula nyama, anasalimiana na wakwe, anarudi. Nani atakwenda mnada ambao leo wanauza, kesho wananunua? Basi kliniki iwe kama mnada. Siku moja, kila kitu. Ianze jua likiwa juu, watu wakishakamua. Na iwe nje ya geti, penye mti ule wa mgunga, mlinzi asimuulize mtu yeyote chochote.

Daktari wetu, Tadeo, alikuwa mtu mzuri ila alipenda utaratibu. Aliposikia aliruka. "Letisia, zahanati siyo mnada!" Letisia akamjibu, "Ndiyo maana mnadani kunajaa na kwako kuna mende." Walibishana siku kadhaa. Mwisho Tadeo alichoka, maana kubishana na mke wangu ni kazi ya kudumu, na mimi ndiye niliyeajiriwa. Akasema, "Fanya. Likiharibika ni lako."

Kazi yangu ilikuwa benchi. Letisia alitaka benchi moja refu, la kuanzia kwenye mizani mpaka kwenye sindano. Mama anakaa mwanzo, mtoto anapimwa, anasogea. Anaulizwa habari za mimba, anasogea. Mtoto anachomwa, mama anapewa vidonge vyake na kikombe cha maji anameza pale pale, ameondoka. Hakuna kuuliza nani kafuata nani. Nilitumia mabomba ya kombaini iliyokufa na mbao za masanduku ya vipuri. Lilikuwa benchi zuri, nilijivunia. Hata meneja alilikalia akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kliniki ya kwanza walikuja wakulima, na Wabarabaig wachache wenye moyo. Wengine walisimama mbali kwenye kingo za ngano wakiangalia. Mama Gwandu alikuwa amesema wazi: wacha hawa wachomwe kwanza, tuone kama wataamka kesho. Waliamka. Habari ikatembea. Wiki zikapita, na siku ya kliniki ya pili, jamani, nilitoka karakana nikadhani kuna msiba mkubwa. Watu walikuwa wamejaa pale mgungani. Kombaini zilikuwa zinavuna karibu, upepo wa Hanang unapuliza makapi, kila mtoto macho mekundu na makamasi yanatiririka, wanawake wanacheka, watoto wanalia, na Letisia katikati anapiga kelele kwa Kiiraqw, Kibarabaig cha kubahatisha na Kiswahili, vyote pamoja. Tadeo alikuwa anachoma sindano huku anawatania akina mama waliogeuza nyuso: "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe!" Benchi lilikuwa limejaa, linasogea.

Ndipo akaja Fabiola.

Fabiola alikuwa mkulima wa Gendabi, mke wa mtu mpole. Mtoto wake mdogo alikuwa amekufa kwa surua alikokwenda naye kwa wajomba, na alikuwa amerudi siku si nyingi. Huku kwetu, kwa Wairaqw na kwa Wabarabaig vilevile, nyumba iliyofiwa na mtoto hujitenga. Hawachoti maji na wengine, hawaombi moto, hawapeani mikono na watu, hawakai penye watoto wa watu, mpaka muda wao utimie. Hakuna asiyejua. Fabiola alijua. Lakini alikuwa na binti mwingine aliyebaki, Angela, na hofu ilimshinda. Alikuja amemfunika yule mtoto kwa kanga, akakaa mwisho wa benchi.

Aliyekuwa karibu naye aliinuka. Aliyefuata akainuka. Benchi lote likainuka kuanzia kule mpaka huku, na waliokuwa wamesimama wakarudi nyuma, na watoto wakabebwa mikononi bila hata kufungwa migongoni. Mama Gwandu alitema mate pembeni, akageuka, na wote wakamfuata. Kufumba na kufumbua pale mgungani kulibaki sisi, mizani inaning'inia, na Fabiola ameinamisha kichwa.

Sasa lazima niwaambie kitu kuhusu mke wangu, la sivyo mtamwona mjinga. Letisia ni wa Maretadu. Akiwa mtoto, mdogo wake alikufa, na nyumba yao ikajitenga hivyo hivyo. Aliwahi kuniambia jinsi alivyokuwa akisimama kwenye kichaka akiwaangalia wenzake wakicheza, akiita majina yao, na wao wanakimbia. Aliichukia mila ile kwa moyo wake wote. Alikwenda kusomea unesi kwa ajili hiyo, alisema, ili awe mahali ambapo mgonjwa hakimbiwi. Yeye aliamini kwamba mtu akishafika kwa nesi, mila inabaki njiani. Ndiyo maana alijua na bado akaniagiza benchi moja.

Alimfungua Hermani mgongoni. Mtoto alikuwa hajafikisha umri wa kuchanjwa, ile chanjo wanasubiri mpaka miezi tisa. Akaenda akakaa naye kwenye benchi, ubavu kwa ubavu na Fabiola na Angela, akamkalisha pajani. Akampa Fabiola kikombe cha maji, na alipokwisha kunywa akanywa yeye, akamnywesha na mwanetu. Akawapigia kelele wale waliokuwa wakienda, "Tazameni! Mimi na mwanangu! Tumekufa? Rudini! Rudini, ninyi!"

Hakuna aliyegeuka.

Nami nilisimama pale na spana mkononi, nikaona fahari. Ndiyo, fahari. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana moyo wa simba. Tadeo akamchanja Angela, Fabiola akaondoka analia na kushukuru, nasi tukarudisha chanjo kwenye friji karibu zote. Meneja alipopata habari hakugomba, alisema tu, "Si nilikwambia?" Kliniki ilibaki moja kabla ya mavuno kuisha.

Letisia siku zile hakulala wala hakulaza mtu. Aliwatukana watu wa Gendabi jikoni, akawatetea sebuleni. Mara anataka kuwafuata, mara anasema wasimfuate. Mimi nilikuwa nakula ugali wangu nikiangalia chini.

Siku kama kumi zikapita, Hermani akashikwa na homa. Macho yakawa mekundu, na tukasema ni makapi. Akakohoa, tukasema ni upepo. Asubuhi moja Letisia akawa anamwogesha, akamgeuza kichwa, akaona vipele nyuma ya masikio. Hakupiga kelele. Aliniita kwa jina langu, jambo asilofanya tangu tuzae, "Nikolausi, njoo."

Tadeo alikuja akaangalia, akavua miwani. Siku ile ile tukasikia kwamba Angela naye alijaa vipele siku chache tu baada ya kliniki, na kwamba mafua yake siku ya kliniki hayakuwa ya makapi. Tadeo hakusema neno la lawama. Afadhali angesema.

Letisia alisema mwenyewe. Alikaa sakafuni, alikaa kweli, akasema, "Wale waliokimbia walikimbia vizuri. Nyumba yenye surua ilikuja kwenye benchi langu, benchi nililolipanga mimi watoto wa watu wakae wamebanana. Wao wasiosoma waliwatoa watoto wao. Mimi niliyesoma nikamleta wangu." Nikamwambia pole. Akasema, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, Baba Hermani. Usinipe pole."

Kisha akainuka akanitoa nje. Mimi niliugua surua utotoni, haingenirudia, lakini alisema nisilale humo, watu wasije wakaogopa karakana yote. Nikahamia karakana na blanketi. Yeye akakata tawi la mti akaliweka njiani mbele ya nyumba yetu, alama ya kwamba mtu asiingie, kama wanavyofanya kwao Maretadu, yule yule aliyeichukia mila ile tangu utoto. Akajifungia na mtoto. Chakula nikawa naweka penye tawi, narudi nyuma, anatoka anachukua.

Sasa fikiria: mtu asiyeweza kukaa, amefungwa, na kliniki ya mwisho inakaribia, na chanjo ziko kwenye friji, na surua iko Gendabi tayari, nyumbani kwa Fabiola. Nilisikia miguu yake ndani usiku na mchana. Mtoto akilia anambembeleza, mtoto akinyamaza anakuja dirishani kunituma. Niligeuka redio.

"Mwambie Tadeo benchi livunjwe!"

"Benchi langu?"

"Livunje, Baba Hermani! Likate liwe vigoda, kila mama na kigoda chake, wakae mbalimbali. Kikombe kitupwe. Kila mtu aje na kibuyu chake cha maji."

Nililikata benchi langu kwa mkono wangu, nikilia kidogo, sitaficha, ingawa sikuwa nalilia benchi. Hermani alikuwa amezidiwa. Homa ilikuwa haishuki, na masikio yakaanza kutoa usaha. Tadeo alikuwa anaingia kila siku kumtazama, anabadili nguo kabla ya kurudi zahanati.

"Mwambie asianze na sindano! Aanze na mizani. Mtoto wa kwanza akilia mapema wengine wataondoka!"

"Nitamwambia."

"Mwambie wenye watoto wazima kwanza, waliofiwa mwisho. Wawekewe kivuli chao mbali, upande upepo unakokwenda. Lakini wasirudishwe! Umesikia? Yeye atembee awafuate. Asiwarudishe."

Siku moja nikiwa nimeshika sufuria ya uji pale penye tawi, nikaona bangili za shaba zinakuja. Mama Gwandu alisimama mbali kidogo, akaliangalia lile tawi kwa muda. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Akapaza sauti, "Nesi!"

Letisia akaja dirishani. Nywele timutimu, macho yamevimba. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto?"

"Ana surua."

Mama Gwandu alilinyoshea tawi kidole. Kisha akasema, "Siku ile ulitukemea kama watoto. Leo umeweka tawi. Kwa nini?"

"Ili watoto wenu wasipate," Letisia akasema. "Siku ile nilikosea. Mlifanya sawa kuinuka."

"Na yule aliyefiwa? Ukija tena na sindano zako, utamweka wapi?"

"Kwenye kivuli chake. Mbali na ninyi. Lakini hatarudishwa, mama. Akirudishwa yeye, mimi sitaki kliniki."

"Mbali kiasi gani?"

Letisia akamwonyesha kwa mkono, kutoka dirishani mpaka karakana. Yule mama akapima kwa macho. "Mbali hivyo ni sawa," akasema. Akaondoka, na mimi nikabaki na uji umepoa.

Siku ya kliniki nilikimbia mpaka viatu vikanitoka. Kutoka karakana mpaka mgungani, kutoka mgungani mpaka dirishani. Walikuja. Walikuja Wabarabaig na ngozi zao, wakulima na kanga zao, wale waliokimbia na wengine ambao hawajawahi kufika, kila mama na kibuyu chake. Walikaa kwenye vigoda vyangu mbalimbali, na kadiri mchana ulivyosonga ndivyo Tadeo alivyosahau utaratibu wake wote. Nilimkuta amepandisha mikono ya shati anaita, "Anayefuata! Anayefuata! Bado yuko nani hajapata?" kama mnadi aliyekunywa. Mwisho akachukua kisanduku chake akatembea mpaka kwenye kivuli cha mbali, akamtazama Angela, akawahudumia Fabiola na wenzake wawili waliofiwa kama yeye, waliothubutu kuja kwa sababu yake. Hakuna aliyeinuka.

Nikikimbia dirishani, Letisia ananiuliza, "Wamejaa?" Nasema wamejaa. "Wanaondoka?" Hawaondoki. "Mama Gwandu?" Ameleta wajukuu wote. Alishika nondo za dirisha akalia na kucheka pamoja, na nyuma yake Hermani akakohoa, naye akaniacha nikiwa katikati ya neno.

Jioni meneja alikuja mwenyewe, akafungua mlango wa friji, akachungulia. Hakukuwa na kitu ndani. Akazima moto, akamshika Tadeo mkono.

Surua ilipita Gendabi. Niwaambie ukweli, tuliisubiri kwa kuogopa. Ilipiga vijiji vya mbele na vya nyuma, ila Gendabi aliugua mmoja hapa, mmoja pale, na hakuzikwa mtoto. Angela alipona. Na Hermani wetu alipona. Homa ilishuka asubuhi moja, yale masikio yakakauka, akaanza kula, akanenepa, akaanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Letisia bado alisubiri muda aliojipangia utimie, nadhani alikuwa anajiadhibu. Nyumba ilikuwa kimya mwezi mzima. Kisha akaliondoa tawi, nami nikarudi kulala kitandani kwangu.

Siku chache baadaye walikuja. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, wanaimba, wakulima na wafugaji pamoja, jambo ambalo huku halionekani kila siku kwa sababu ng'ombe na mahindi havipatani. Walileta maziwa, walileta kondoo. Fabiola hakuwemo, muda wake ulikuwa bado, ila alikuwa ametuma kuku kwa mkono wa mumewe, aliyesimama peke yake barabarani. Mama Gwandu alitangulia mbele. Walipofika mlangoni wakapiga vigelegele, wanawake wote kwa pamoja, vikali vya kupasua bati.

Nilikuwa nafurahi. Nilisimama katikati ya nyumba nacheka kama mjinga. Hermani alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo mlangoni, anaguguna gunzi la hindi. Letisia alikuwa amesimama juu yake, anajifunga kitenge atoke kwa wageni, naye anacheka. Kisha nikaona kicheko kinamtoka usoni.

"Baba Hermani."

"Naam."

"Mtoto hajageuka."

"Amezoea kelele," nikasema.

"Kelele zipi? Kumekuwa kimya mwezi mzima."

Akainama nyuma ya mtoto, akapiga makofi karibu na sikio la kulia. Akapiga la kushoto. Akamwita jina lake, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu. Huko nje walikuwa wanaita, "Nesi! Nesi Letisia! Toka tukuone!"

"Chukua sufuria," akaniambia. "Piga."

Nikachukua sufuria na mwiko, nikapiga nyuma ya kichwa cha mwanangu. Waliokuwa nje walisikia. Wakadhani tumeitikia, tunacheza nao ndani, na vigelegele vikapanda maradufu, wanawake wa Kibarabaig wakaanza kuruka, na bangili zao zikawa zinalia kwa pamoja.

"Piga tena," Letisia akasema.

Nikapiga mpaka mwiko ukavunjika mkononi mwangu, na Hermani akaendelea kuguguna gunzi lake.